Shajara ya separeta: kompresa ya skrubu ya kilowati 75 inayokula oili

Masaa 21,640, kabla ya kushika spana

Nimeamua kuandika kila hatua ya hii kazi kwa sababu kumbukumbu za nyuma za hii mashine hazipo, kuna karatasi moja tu imebandikwa ndani ya mlango wa kabati imeandikwa "separeta mpya" na masaa ya mita, basi, hakuna oili gani iliwekwa, hakuna presha, hakuna joto. Kwa mujibu wa iyo karatasi separeta, yaani kile kichujio kinachotenganisha oili na hewa, ina masaa kama 1,500 tu. Ni kompresa ya skrubu ya oili, mota ya kilowati 75, inatoa kama mita za ujazo 12 kwa dakika, presha ya kazi baa 7.5.

Tatizo ni kwamba inakula oili. Filta zilizo mbele ya draya, mashine ya kukausha hewa, zimejaa oili, maji yanayotoka kwenye mtungi wa hewa ni meupe kama maziwa, na wapuliziaji rangi wameanza kulalamika kuhusu madoa. Opereta anaongeza lita 10 kila baada ya masaa 250 hivi. Nilichoambiwa nifanye ni kubadilisha separeta na kuondoka.

Hapo ndo sikubaliani. Mi sifungui separeta mpaka nijue kwanini inapitisha oili, kwa sababu mara nyingi kosa sio lake, yenyewe inabebeshwa tu mizigo ya wengine, na ukiweka mpya bila kutafuta chanzo unapoteza separeta mbili badala ya moja.

Kwanza nikapiga hesabu nione ukubwa wa tatizo. Mashine nzima ya aina hii inaruhusiwa kupitisha oili kidogo, kama miligramu 2 mpaka 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, tuseme 3. Mita 12 kwa dakika ni mita 720 kwa saa, zidisha 3 unapata gramu 2 na kidogo kwa saa, kwa masaa 1,000 ni kama lita 2 na nusu za oili. Hiyo ni kawaida na haimsumbui mtu. Sasa hii yetu lita 10 kwa masaa 250, ni karibu gramu 35 kwa saa, yaani miligramu 48 kwa kila mita ya ujazo, mara kumi na sita ya inavyotakiwa. Nimezunguka kuangalia kama kuna mahali inavuja kwa nje, hosi, rejeta, sili ya shafti, kote kukavu. Kwa hiyo oili yote inaondoka na hewa.

Presha nimepima mashine ikiwa lodi kamili, yaani inabana hewa, maana ukipima ikiwa anlodi, inazunguka tu bila kubana, unajidanganya. Geji ya tangini, humo separeta inamokaa, na geji ya baada ya separeta zimepishana baa 0.25. Separeta mpya inaanzia kama baa 0.1 mpaka 0.2, na ya kutupa ni ile iliyofika 0.7 mpaka 1 kutegemea kitabu cha mashine. Kwa hiyo haijaziba. Na haijapasuka pia nadhani, kwa sababu ikipasuka tofauti ya presha inashuka ghafla karibu na sifuri. Joto la kutokea kichwani, pale skrubu zinapobana hewa, nyuzi 82, zuri kabisa. Levo ya oili iko katikati ya kioo, haijajazwa kupita kiasi.

Haijaziba, haijachanika, joto zuri, levo nzuri, na bado inatema. Kibomba cha kurudisha oili ndo cha kwanza kwenye orodha yangu.

Masaa 21,652, kibomba cha kurudisha oili

Kwa ambaye hajawahi kuiona kwa ndani nieleze kidogo. Kwenye hizi kompresa oili inamwagwa ndani ya kichwa pamoja na hewa, inapoza, inaziba nafasi kati ya skrubu mbili na kulainisha. Ikitoka kichwani ni mchanganyiko wa hewa na oili, na oili ndo nyingi kwa uzito. Mchanganyiko unaingia tangini kwa kuzungushwa na kugongeshwa ukutani, mwendo unapungua, na zaidi ya asilimia 99 ya oili inaanguka yenyewe chini bila filta yoyote. Kinachobaki ni ukungu wa matone madogo mno, huo ndo kazi ya separeta, ambayo ni nyuzi laini za kioo zilizofungwa kwenye wavu wa chuma. Matone yanashikwa na nyuzi, yanaungana yanakuwa makubwa, yanateremka mpaka kitakoni mwa separeta upande wa ndani.

Na pale kitakoni oili haina njia ya kurudi tangini, kwa sababu upande wa ndani presha ni ndogo kidogo kuliko nje. Ndo maana kuna kale kabomba kembamba kanakoshuka kutoka kwenye kifuniko mpaka karibu na kitako, kananyonya oili na kuirudisha kichwani sehemu yenye presha ndogo. Kanapita kwenye kioo cha kuchungulia na kwenye nozeli yenye tundu dogo sana, milimita moja na kitu. Tundu hilo likiziba, oili inajaa ndani ya separeta, hewa inaipitia juu na kuichota, na inaondoka nayo yote kwenda kwenye laini ya hewa. Separeta inaweza kuwa mpya kutoka kwenye boksi na bado ukapata mafuriko.

Mashine ikiwa lodi nimechungulia kioo: hakuna kinachotembea. Kikiwa kizima unaona oili inapita na mapovu ya hewa, inarukaruka. Nimeshika kibomba kwa mgongo wa mkono, kiko vuguvugu tu wakati bomba la jirani huwezi kulishika. Hapo nikawa na uhakika.

Nimesimamisha, nimezima breka nikaweka kufuli langu, nimefunga valvu ya kwenda kwenye laini, nimesubiri tangi lijipumue mpaka geji ikasoma sifuri, alafu plagi ya kujazia oili nimeilegeza kidogo na kusikiliza kabla ya kuitoa. Hiki kitu nakisisitiza kwa kila anayejifunza kazi na mimi: geji inaweza kukwama. Plagi nyingi za hizi mashine zimetengenezwa zianze kupumua kabla nyuzi zake za kukazia hazijaisha, kwa hiyo legeza mzunguko mmoja, sikiliza, subiri, usiharakishe. Tangi lenye baa 2 zilizobaki linaweza kurusha ile plagi pamoja na oili ya moto usoni mwako.

Nozeli imetoka na nimeiinua kwenye mwanga, haionyeshi upande wa pili. Nimeitia kwenye dizeli safi na kuipuliza kwa nyuma, kikatoka kipande cheusi laini, kinavutika ukikibana kwa kucha. Sio kaboni, sio uchafu wa oili. Ni silikoni. Ile ya kwenye tyubu, ya kuzibia.

Wapo wanaopitisha waya mgumu au kekee kusafisha iyo nozeli. Usifanye hivo. Ukilipanua tundu, hewa iliyobanwa inarudi kichwani bure masaa yote mashine inafanya kazi, umelipa umeme kuibana alafu unaizungusha humo humo. Dizeli, hewa, na ikigoma nunua nyingine.

Nimeirudisha, nimewasha. Kwenye kioo oili ilipita imejaa tele kwa dakika kadhaa bila povu hata moja, yaani ilikuwa inatoa ziwa lililokuwa limejikusanya ndani ya separeta, kisha ikaanza kuja na hewa. Wengi wangefunga kazi hapo. Lakini silikoni imetoka wapi? Hakuna mahali pengine ndani ya hii mzunguko ambapo mtu angepaka silikoni zaidi ya gasketi za separeta. Na kama kapaka silikoni pale basi kuna jambo kubwa zaidi la kuogopa, kubwa kuliko oili kwenye rangi. Nimeagiza separeta, gasketi zake mbili, filta ya oili, oringi za mabomba na oili. Mashine nimeiomba ifanye kazi muda mfupi iwezekanavyo mpaka vifaa vifike.

Masaa 21,690, kufungua

Vifaa vimefika. Mashine imepashwa moto kwanza, maana oili ya moto inatoka yote na uchafu wake, ya baridi inaacha matope chini. Imezimwa, kufuli, valvu imefungwa, presha sifuri, plagi imesikilizwa. Oili imemwagwa kutoka kila mahali penye plagi: tangi, rejeta, na chini ya kichwa. Ukiacha lita kadhaa za oili iliyochoka kwenye rejeta inaanza kuharibu mpya siku hiyo hiyo.

Mabomba yanayoingia kwenye kifuniko nimeyapiga picha kabla ya kuyatoa na kuyawekea alama kwa rangi. Boliti za kifuniko zimetoka vizuri isipokuwa moja iliyoliwa kichwa. Kifuniko hakikutaka kuachia, na hapo ndo unaona kazi ya zile boliti mbili za kunyanyulia, ukizikaza kwa zamu kinapanda chenyewe sawasawa. Kuchomeka bisibisi na kugonga kunachubua uso wa kukalia gasketi na hapo patavuja maisha. Kwenye mashine ya ukubwa huu kifuniko usikinyanyue kwa mikono peke yako, tumetumia winchi ndogo.

Chini ya kifuniko nimekuta nilichokuwa nakihofia. Silikoni nyekundu imezunguka duara zima, imeminywa ikamwagikia upande wa ndani, vipande vinaning'inia. Gasketi za asili hazipo. Kuna karatasi ya gasketi ya kawaida iliyokatwa kwa mkono, mbili, juu na chini ya flanji ya separeta, na silikoni kila upande.

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ni suala la roho za watu. Gasketi halisi ya separeta ina pini za chuma zimepigwa ndani yake, zinaonekana kama pini za stepla. Ukiziona kwa mara ya kwanza unaweza kudhani ni mabaki ya kifungashio ukazing'oa. Zimewekwa makusudi. Hewa na oili zikipita kwa kasi kwenye nyuzi za kioo zinazalisha umeme tuli, ule unaojikusanya na kuruka cheche. Flanji ya separeta imekaa kati ya gasketi mbili, na gasketi haipitishi umeme, kwa hiyo bila zile pini separeta inakuwa imening'inia ndani ya tangi haijaungana na chuma chochote. Umeme unajikusanya mpaka unaruka kwenye ukuta wa tangi. Humo ndani kuna ukungu wa oili, hewa iliyobanwa na joto la nyuzi 80 na zaidi. Moto ndani ya tangi la separeta ni ajali inayojulikana kwenye hizi mashine, na hizo pini ndogo ndizo zinazouelekeza umeme kwenye bodi ya tangi na kutoka kwenda ardhini.

Kabla sijagusa kitu nimechukua multimita, ncha moja kwenye wavu wa ndani wa separeta, nyingine kwenye tangi nilipokwangua rangi. Haikusoma kitu, imekatika kabisa. Masaa yote hayo 1,500 mashine ilikuwa inafanya kazi hivo, na watu wamesimama pembeni yake. Nimemwita msimamizi aje aone mwenyewe kabla sijaisogeza, na nimepiga picha. Aliyeifunga simjui, ila nasema wazi kwamba silikoni haina nafasi yoyote kwenye separeta, hata kidogo, hata kama uso una mikwaruzo. Mikwaruzo inasuguliwa au kifuniko kinapelekwa kuchongwa.

Separeta yenyewe imetoka nzito, kitakoni ina oili nyeusi. Jambo la pili likaonekana nilipoanza kupima. Nimepima kina cha separeta kutoka kwenye flanji mpaka kitako cha ndani, alafu nimepima urefu wa kibomba kinachoning'inia kwenye kifuniko, nikajumlisha na unene wa gasketi. Kibomba kinaishia karibu milimita 30 juu ya kitako. Kinatakiwa kiwe juu kwa milimita chache tu, 3 hivi. Separeta iliyokuwepo ni ndefu kuliko ya mashine hii! Flanji inalingana, kipenyo kinalingana, inaingia vizuri, lakini ni ya modeli nyingine. Kwa hiyo hata nozeli ikiwa safi kuna ziwa la sentimita 3 lisiloweza kunyonywa, na hewa inatoka juu yake.

Sisemi kila mtu lazima anunue ya kampuni iliyotengeneza mashine. Zipo za watengenezaji wengine zinazofanya kazi sawa. Ila pima, urefu, kipenyo cha ndani na cha nje, unene wa flanji, na upande hewa inakoingilia, maana nyingine zinaingiza kutoka nje kwenda ndani na nyingine kinyume. Mwenye duka akikuambia "inaingia" hajakujibu swali.

Na kuosha separeta ya zamani kwa dizeli na kuipuliza ili irudi kazini, nimeombwa hilo pia leo. Nimekataa. Kinachoziba nyuzi za separeta ni vanishi ya oili iliyoungua na vumbi dogo mno, dizeli haikitoi, na presha ya kupuliza inazitenganisha nyuzi. Ikirudi kwenye mashine tofauti ya presha inaonekana nzuri kwa sababu tayari imetoboka.

Uso wa tangi na wa kifuniko nimeusafisha kwa kikwangua cha shaba, taratibu, tangi likiwa limefunikwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, vipande vyote vya silikoni vimekusanywa kimoja kimoja. Nimemulika ndani ya tangi: kuta zina rangi ya kahawia nyepesi, hakuna ganda gumu, kwa hiyo oili haijawahi kuungua sana. Hiyo ni habari njema.

Separeta mpya kabla ya kuingia imepimwa kwa multimita yenyewe kwa yenyewe, wavu wa ndani na flanji, wavu wa nje na flanji, zote zimeungana. Gasketi zimewekwa kavu, pini zake zinaonekana pande zote. Nimeishusha, nimepima tena dhidi ya tangi: chini ya omu 1. Nafasi ya kibomba chini, milimita 3, imethibitishwa kwa hesabu ile ile. Boliti zote mpya, zimekazwa kwa msalaba kwa hatua tatu mpaka kipimo cha kitabu, kwa spana ya toki, sio kwa kukisia. Oili ni ya gredi VG 46, sintetiki ile ile inayotajwa kwenye kitabu. Sikuchanganya na iliyobaki stoo, hasa kwa sababu haijulikani ni ya aina gani, na oili za poliglaikoli zikikutana na za madini zinaweza kufanya ute unaoziba kila kitu mpaka rejeta.

Masaa 21,691, kuwasha

Imewashwa na valvu ya laini imefungwa nusu kwanza, nimetazama kifuniko kwa tochi, hakuna unyevu. Levo ilishuka kwa sababu rejeta na filta zimejaa, nimesimamisha, presha imetoka, nimeongeza, imewashwa tena. Kioo cha kurudisha kinarukaruka vizuri.

Tofauti ya presha mwanzoni baa 0.08. Hiyo usiiandike kama kumbukumbu ya kudumu, separeta kavu inasoma chini, ikishalowa oili inapanda kidogo na kutulia hapo kwa muda mrefu. Nitaandika ya kesho.

Mtu ameniuliza kwanini nahangaika na baa sehemu za kumi. Kila baa moja ya ziada unayoilazimisha mashine ibane inakula umeme zaidi kama asilimia 6 au 7. Kwa mota ya kilowati 75 separeta iliyofika baa 1 inakula karibu kilowati 5, usiku na mchana, bila kutoa hewa hata kidogo ya ziada.

Masaa 21,930, bado inakula

Matumizi yameshuka sana ila sio mpaka pale ninapotaka. Nimeongeza karibu lita 2 kwa hayo masaa. Tofauti ya presha imetulia kwenye 0.16, joto 81, kibomba kinarudisha. Kwa hesabu ya juu tulitakiwa kupoteza lita nusu na kidogo tu.

Opereta wa shifti ya asubuhi, mzee mmoja mtulivu aliyekaa na hii mashine kuliko sisi wote, ndo kanipa ufunguo. "Fundi, hii ikishatulia haina shida. Inatema pale inapoanza, laini ikiwa tupu." Nikamwambia mzee wangu kesho tuwashe wote.

Tumewasha laini ikiwa tupu, macho yangu kwenye geji mbili. Kawaida kati ya separeta na laini kuna valvu ya presha ya chini, MPV kwa kifupi, kazi yake ni kuzuia hewa isitoke mpaka tangi lifike kama baa 4. Sindano ya tangi inatakiwa ipande peke yake mpaka 4 ndo ya laini ianze kusogea. Kwetu zilianza pamoja kutoka sifuri, zikapanda pamoja polepole. Yaani valvu imekwama wazi.

Na hapo oili inapitaje? Hewa ikiwa na presha ndogo inachukua nafasi kubwa. Kwenye baa 2 za geji ile hewa ina ujazo karibu mara tatu ya ilivyo kwenye baa 7.5, na inapita kwenye separeta ile ile, kwa hiyo mwendo wake nao ni karibu mara tatu. Matone hayapati muda wa kuanguka tangini wala kuteremka kwenye nyuzi, yanasukumwa yanatokea upande wa pili. Kila asubuhi dakika zote za kujaza laini mashine ilikuwa inatema, na separeta nzuri haiwezi kulizuia hilo. Tena ile presha ndo inayosukuma oili kwenda kichwani, hakuna pampu, kwa hiyo ikiwa ndogo kichwa chenyewe kinapata oili kidogo.

Nimeifungua MPV kwa utaratibu ule ule wa usalama, na laini pia nimeitoa presha upande ule. Pistoni imeshikwa na vanishi nusu ya njia, sili imekatika ukingoni, springi ukiilinganisha na mpya ni fupi. Nimeweka seti nzima ya vifaa vya ndani, pistoni, sili, springi na oringi. Mwili nimeusafisha mpaka pistoni ikawa inateremka kwa uzito wake yenyewe.

Jaribio: laini tupu, washa. Sindano ya tangi ikapanda, 1, 2, 3, ya laini imelala. Ilipofika 4 na kidogo ya laini ikaamka. Mzee akaguna akaenda kuandika kwenye daftari lake.

Masaa 22,700

Tangu MPV imalizike sijaongeza oili, levo imeshuka kidogo tu kwenye kioo. Maji ya mtungi yamekuwa karibu maangavu. Filta za mbele ya draya zimebadilishwa kwa sababu zile za zamani zilikuwa zimelowa kupita kiasi. Hata separeta ikiwa nzima kabisa hewa yake bado ina hizo miligramu 2 au 3 za oili, na daraja la 1 la ISO 8573-1, kiwango cha kimataifa cha usafi wa hewa iliyobanwa, linataka isizidi 0.01, kwa hiyo wapuliziaji rangi wanategemea filta hizo na ile ya kaboni. Nimesafisha pia mabomba ya kwenda chumba cha rangi, maana oili iliyotangulia kukaa ukutani ingeendelea kutoka kwa wiki nyingi na sisi tungeilaumu mashine.

Kuna mmoja alitaka tushushe joto la mashine mpaka nyuzi 60 akiamini oili itadumu zaidi. Ni kweli kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka juu ya kawaida maisha ya oili yanapungua kama nusu, ila chini kuna mwisho wake. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu asilimia 70, ukishaibana mpaka baa 7 mvuke wake unaanza kugeuka maji kwenye nyuzi kama 64. Tangi likiwa na 60 maji yanaanguka ndani ya oili, oili inakuwa nyeupe, inatoa povu, na nyuzi za separeta zinalowa maji. Tumeiacha 80 na thamostati haijaguswa.

Masaa 23,400

Tofauti ya presha lodi kamili baa 0.18. Joto 83. Levo nimeongeza lita 3 kwa mara ya kwanza tangu MPV. Ni karibu masaa 1,500, kwa hiyo kama lita 2 kwa kila 1,000, na mashine haikai lodi muda wote, inakubaliana na hesabu.

Daftari sasa liko kwenye mnyororo pembeni ya kabati. Kila shifti inaandika presha mbili ikiwa lodi, joto, levo na kama kioo cha kurudisha kinatembea, dakika mbili tu. Separeta hii nategemea ifike masaa 6,000 hivi, au ikifika baa 0.8 kabla ya hapo inatoka. Sampuli ya oili inakwenda maabara kwenye masaa 23,700. Gasketi mbili za akiba, zile za pini, zimewekwa stoo kwenye mfuko wenye jina la mashine, na tyubu zote za silikoni nimeziomba zitolewe kwenye kabati la vifaa vya kompresa.